Miwani, lenzi na uso tuliopewa



Kuna swali linalozunguka siku hizi katika vikundi vyenu, katika Xaveri, katika Kiro, katika kwaya na hata katika darasa la kipaimara. Mkristu anayeona haya kuvaa miwani, akaamua kutumia zile lenzi ndogo zinazowekwa juu ya jicho lenyewe, je, anaukataa uso aliopewa na Mungu? Wazee kadhaa wamekwisha kutoa hukumu yao: miwani ni unyenyekevu, lenzi ni majivuno. Nanyi vijana, si wachache kati yenu mmetoa ya kwenu: lenzi ni maendeleo, miwani ni uzee. Mimi naona hukumu zote mbili zimepita kando ya jambo lenyewe, kwa sababu zote mbili zinakitazama kifaa na kumsahau mtu anayekivaa, na zaidi ya hapo zinatusahau sisi tunaomtazama.

Tuanze na jicho. Mwanga huingia kupitia mbele ya jicho, hupindwa, na hutakiwa kukutana sawasawa juu ya utando wa nyuma unaoitwa retina. Jicho likiwa refu kuliko inavyopasa, mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, na vitu vya mbali huonekana kama vimefunikwa na ukungu. Likiwa fupi, ni vitu vya karibu vinavyosumbua. Urefu tunaousema hapa ni mdogo sana: milimita moja ya ziada yatosha kumfanya mwanafunzi aliyeketi nyuma asisome neno hata moja ubaoni. Milimita moja! Haipimi akili ya mtu, wala bidii yake, wala imani yake. Hata hivyo kwa milimita hiyo watoto wetu wengi wameitwa wavivu na wazito wa kuelewa, wakaketishwa nyuma kabisa, mahali ambapo waliona kidogo zaidi. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2019 kuhusu uwezo wa kuona, lilihesabu watu wasiopungua bilioni 2.2 wenye upungufu wa kuona, na kati yao wasiopungua bilioni 1 ni wale ambao upungufu wao ungeweza kuzuiwa au bado haujashughulikiwa. Katika hesabu hiyo wamo watu wengi wanaokosa miwani tu.

Miwani imezaliwa karibu na altare, jambo ambalo vijana wetu hawasimuliwi. Ilibuniwa Italia mwishoni mwa karne ya 13. Mwaka 1306 mtawa Mdominiko, Giordano wa Pisa, alipokuwa akihubiri huko Florence, aliwaambia waamini kwamba ufundi wa kutengeneza miwani haujatimiza hata miaka 20. Mtawa mwingine wa shirika hilohilo, Alessandro della Spina, aliyefariki mwaka 1313, anakumbukwa katika kumbukumbu za konventi yake kwa jambo moja ambalo ningependa mlishike. Mtu wa kwanza kutengeneza miwani hakutaka kuwafundisha wengine. Alessandro aliitazama, akaelewa jinsi ilivyoundwa, akatengeneza ya kwake, kisha akawagawia watu wote ujuzi huo kwa moyo mkunjufu. Basi mwanzoni miwani ilikuwa msaada tu, kazi ya mapendo kwa macho yaliyochoka kusoma sala.

Lakini haikuchukua muda mrefu kabla ya msaada huo kugeuzwa kuwa alama. Mwaka 1352, katika mji wa Treviso, mchoraji Tommaso wa Modena alipamba ukuta wa konventi ya Wadominiko kwa picha za wakubwa wa shirika lao. Mmoja wao, Kadinali Hugo wa Saint-Cher, alichorwa akiandika, na juu ya pua yake ipo miwani. Ndiyo picha ya kale kuliko zote tunazozijua za mtu aliyevaa miwani. Ajabu ni kwamba Kadinali Hugo alifariki mwaka 1263, kabla miwani haijabuniwa. Hakuivaa hata siku moja. Mchoraji alimvika kwa sababu watu wa wakati wake walikuwa wamekwisha kuamua kwamba msomi lazima afanane na mtu mwenye miwani. Kwa hiyo ninapomwona kijana wetu amevaa fremu yenye kioo kitupu, kisicho na kipimo chochote, ili apigwe picha kama profesa, sishangai sana. Anafanya kwa uso wake mwenyewe kile ambacho Tommaso alifanya kwa uso wa marehemu.

Hapa kwetu nako mambo hayakwenda tofauti. Mchoraji wa Kongo akitaka mtambue mara moja kwamba huyu ni Patrice Lumumba, haanzi na mdomo wala pua. Anaanza na ule mstari wa nywele na ile miwani. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961, na tangu hapo taifa zima limemkumbuka kupitia vioo viwili. Kisha ukaja wakati wa Mobutu. Mwaka 1971 nchi ikaitwa Zaire, mwaka 1972 majina ya kikristu yakapigwa marufuku, tai na suti vikaonekana kuwa utumwa, abakosti ikashika nafasi. Kadinali Malula aliyepinga alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Tuliambiwa kwamba uasilia wa mtu uko katika jina lake na vazi lake. Sasa tafuteni picha yoyote ya Rais wa siku zile: kofia ya ngozi ya chui, fimbo, abakosti, na juu ya uso ule uliopaswa kuwa mfano wa uasilia, miwani ya fremu nene nyeusi. Tai ilikuwa ya kigeni, miwani haikuwa! Sisemi hivi kwa kejeli tu. Nataka mwone kwamba kitu kikimsaidia mtu kila siku, kikakaa usoni pake toka asubuhi hadi jioni, mwishowe watu hawakihesabu tena kama kitu cha nje. Kinaingia katika sura. Na hapo ndipo penye neema na ndipo penye mtego.

Mtego nimeuona katika watu ninaowafundisha. Kulikuwa na kijana msomaji wa Misa, mwenye sauti nzuri, ambaye hakuona vema maandishi ya karibu. Alikuwa na miwani, ameipata kwa jasho la mama yake, lakini aliiacha nyumbani kila Dominika kwa sababu wenzake walimwita Macho Manne. Alifanya nini? Alikariri somo zima siku ya Jumamosi, kisha akasimama mbele ya kitabu kana kwamba anasoma. Hakuna aliyejua. Dominika moja iliangukia sikukuu, padri akabadilisha masomo, na yule kijana akafika kwenye kitabu na kukuta somo ambalo hakulijua. Alinyamaza. Kanisa lote likangoja. Mwishowe mtu mwingine alipanda kusoma. Baada ya Misa nilimwuliza kulikoni, akanijibu: «Mwalimu, heri waseme sikujiandaa kuliko waseme Macho Manne.»

Mpime uzito wa jibu hilo. Kijana aliyejiandaa kuliko wasomaji wote, aliyekariri Neno la Mungu kila juma, alichagua kuitwa mvivu ili asiitwe lile jina. Na jina hilo halikutoka kwa wapagani. Lilitoka kwa wanakwaya, kwa watoto wa altare, kwa watu waliompa mkono wa amani kila Dominika. Ninyi mnajua jina ni nini katika desturi zetu. Mtoto hapewi jina ovyo, anabeba babu, anabeba siku aliyozaliwa, anabeba mateso au furaha ya mama yake, na siku ya Batizo anabeba mtakatifu. Kisha anakuja mwenzake wa miaka kumi na sita, anayaweka kando yote hayo na kumpa jina jipya kutokana na milimita moja ya jicho. Tunapojadili kama lenzi ni majivuno, tuanze kwanza na hili. Wengi wanaoikimbia miwani wanatukimbia sisi.

Wasichana nao wana mzigo wao, ambao wazee hatupendi kuutaja. Wapo wanaovua miwani siku ambayo wageni wanakuja kuzungumza habari za mahari, kwa sababu mashangazi wameonya kwamba upande wa pili utauliza kama watoto watakaozaliwa watakuwa vipofu. Ni kweli kwamba kutoona mbali hurithiwa mara nyingi. Ni kweli pia kwamba upara hurithiwa, na sijasikia bado kikao cha mahari kilichovunjika kwa sababu ya upara wa baba mkwe.

Katika Injili ya Marko, sura ya 8, kuna kipofu wa Betsaida, na nadhani ni yeye anayepaswa kuwa msimamizi wa mjadala huu. Yezu alimtoa nje ya kijiji, akamtia mate machoni, akamwekea mikono, akamwuliza kama anaona kitu. Wazeni jinsi jibu la adabu lilivyokuwa rahisi: ndiyo, Bwana, naona, asante. Nani angethubutu kumwambia Yezu kwamba uponyaji wake bado? Mtu yule alithubutu. Alisema anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Mwenye jicho refu akiwa hana miwani ataelewa maneno hayo kuliko mwalimu yeyote wa Maandiko, maana ndivyo hasa watu wanavyoonekana kutoka mbali: vigogo vinavyosogea. Na Yezu hakukasirika. Alimwekea mikono mara ya pili, naye akaona kila kitu sawasawa. Lau angesema uongo wa adabu, angerudi nyumbani kwake na miti yake. Uso wa mtu huyu haukuelezwa na Mwinjili, hatujui alikuwa mrefu au mfupi, mzuri au la. Tunachojua juu yake ni kwamba alikiri kuwa bado haoni vizuri.

Nikitoka hapo, naweza kuwajibu wazee wenzangu. Lenzi si majivuno kwa asili yake. Ni kipimo kilekile cha miwani kilichosogezwa karibu zaidi na jicho. Lenzi laini zinazotumika leo ziliwezekana kwa kazi ya Otto Wichterle, mwanakemia wa Chekoslovakia, ambaye mwishoni mwa mwaka 1961, nyumbani kwake, aliunda mashine ya kuzitengeneza kwa vipande vya mchezo wa watoto. Mchezaji wa mpira anayeogopa kuvunjiwa kioo usoni, mcheza ngoma wa liturjia ambaye miwani humwanguka kila anapoinama, mtu ambaye macho yake mawili yametofautiana sana hata miwani haimsaidii vya kutosha, hao wana sababu za haki. Hata yule anayesema kwa urahisi kwamba anapenda kuonekana bila miwani siku ya ndoa yake, simhukumu. Tunapiga pasi mashati, tunasuka nywele, tunapaka viatu rangi kabla ya Misa. Kupendeza si dhambi. Tena kila mvaa lenzi mwenye akili ana miwani kando ya kitanda, maana usiku lazima azitoe. Kwa hiyo hakuukimbia uso wa miwani. Anakutana nao katika kioo kila alfajiri.

Ila wanangu, lenzi zinadai nidhamu ambayo katika mazingira yetu si nyepesi, na hapa naomba mnisikilize kama mwalimu zaidi kuliko kama katekista. Anayezigusa lazima anawe mikono kwa sabuni na kuikausha kwanza. Haziguswi kamwe na maji, yawe ya bomba, ya kisima, ya mvua au ya ziwa, kwa sababu katika maji huishi kidudu kisichoonekana kinachoitwa akantamiba, ambacho kikiingia chini ya lenzi chaweza kuharibu kioo cha mbele ya jicho hata mtu akapoteza uwezo wa kuona. Husafishwa kwa dawa yake tu, tena dawa mpya kila mara, si kuongeza kidogo juu ya ile ya jana. Mtu halali nazo, haogelei nazo, hamwazimi dada yake. Zina muda wake, za siku moja, za wiki mbili, za mwezi, na muda ukiisha hutupwa hata kama zinaonekana nzima. Mwenye vumbi la barabara ya lava huko Goma au la migodi ya Kolwezi afikiri mara mbili. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likichukia mwanga, lenzi hutolewa saa ileile na mtu huenda kwa daktari wa macho bila kungoja kesho. Anayejua kwamba fedha ya dawa itakosekana katikati ya mwezi, miwani ndiyo lenzi yake. Hapo wala si suala la utambulisho. Ni suala la mfuko na sabuni.

Kuna aina moja ya lenzi ambayo siitetei. Ni zile za rangi, za kijani, za bluu, za kijivu, zinazouzwa sokoni pembeni ya hereni na nywele bandia, bila kipimo, bila daktari, wakati mwingine zikipita toka jicho la rafiki hadi jicho la rafiki. Kwanza ni hatari: lenzi isiyopimwa kwa jicho lako yaweza kulikwaruza na kulitia kidonda, hata kama huna tatizo lolote la kuona. Lakini siyo hatari tu inayonisumbua. Msichana anayenunua miwani anasema, nataka kuona. Anayenunua macho ya bluu anasema nini? Pengine anasema tu kwamba anacheza, nami sitaki kumtwika maana asizozitaka. Ila nimeona mno kopo la mkorogo na kiboksi cha lenzi za rangi vikikaa katika mkoba mmoja, na hapo si mchezo tena. Ni mtu anayejifunza kusema kwamba ngozi aliyopewa ni kosa, na sasa jicho nalo ni kosa. Jicho la kahawia linaloona vizuri, linatiwa ugonjwa ili lifanane na jicho la mtu katika simu. Wazee, kama mna hasira ya kutumia, itumieni hapa, wala si kwa binti wa chuo anayevaa lenzi zake za kipimo kwa utaratibu.

Mtaniuliza basi kama kuna kitu chochote kinachovaliwa mwilini ambacho kweli hubeba nafsi ya mtu. Kipo. Mwenye heri Isidori Bakanja alivaa skapulari. Alibatizwa mwaka 1906, akaenda kufanya kazi kwa Wazungu wa shamba, na msimamizi mmoja akamwamuru aitoe ile skapulari shingoni. Alikataa. Alipigwa mijeledi hadi mgongo ukawa kidonda kimoja, akafariki tarehe 15 Agosti 1909 baada ya kumwombea yule aliyempiga. Vitambaa viwili vya sufi na uzi, na Isidori hakukubali kuvivua, kwa sababu vilisema yeye ni wa nani. Miwani haisemi hivyo, wala lenzi. Hivyo ni vyombo. Anayevaa miwani aivue anapolala, anayetaka lenzi azitumie kwa busara, na mtu yeyote asidhani kwamba ameongeza au amepunguza nafsi yake kwa gramu chache za kioo. Mkosi wetu ni kwamba chombo tumekifanya skapulari: tumekisomea akili, uzee, ubaya na uchawi wa ukoo, vitu ambavyo havimo ndani yake. Naye kijana wa watu amebaki amesimama mbele ya kitabu, kimya.

Mwezi wa tisa shule zitafunguliwa. Kabla ya hapo, kila kikundi kinaweza kufanya jambo ambalo halihitaji fedha. Andikeni herufi ubaoni kwa ukubwa ambao mwalimu huandika kwa kawaida, kila mmoja aketi mwisho wa ukumbi, afunike jicho moja kwa kiganja na kusoma, kisha afunike la pili. Mpeni pia kitabu cha nyimbo akisome kwa karibu. Wapo watakaogundua siku hiyohiyo kwamba jicho moja limekuwa likifanya kazi ya mawili kwa miaka. Hilo si kipimo cha daktari, ni njia ya kujua nani aende kwa daktari, kwenye hospitali yenye huduma ya macho. Viongozi wa vikundi wazungumze na wazazi, maana mzazi mwingi hukataa kwa kuogopa gharama kabla hajauliza bei. Na yule atakayeandikiwa miwani asiende kuichukua peke yake. Aende na wenzake wawili watatu wa kikundi, warudi pamoja wakipita njia ya sokoni, kwa sababu siku ya kwanza, ukiwa na miwani mpya usoni, barabara ya kurudi nyumbani ni ndefu kuliko ile ya kwenda.